Kumwonyesha Njia Mgeni Aliyepotea

Leo twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu hulifanya, wala hakuna aliyefundishwa kulifanya. Jambo lenyewe ni kumwonyesha njia mgeni aliyepotea. Yumkini mtasema, "Hili nalo ni somo? Hata mtoto achungaye mbuzi aweza kunyoosha kidole." Ni kweli, kunyoosha kidole si kazi. Walakini kidole kikinyooshwa vibaya, atembeaye si mwenye kidole, bali ni mgeni. Naye hutembea na njaa yake, na mzigo wake, na pengine na mgonjwa wake.

Tutaanza kwa kuungama kosa letu wenyewe. Jioni moja huko Kihanga, katika wilaya ya Karagwe, tulikuwa tumeketi katika baraza ya shule tukisahihisha madaftari. Jua lilikuwa limekwisha kuinamia vilima. Akatokea mwanamke kijana, mtoto mgongoni, vumbi limempanda hata magotini, akatuamkia kwa adabu, "Shikamoo, mwalimu." Tukaitika, "Marahaba, binti." Akauliza, "Hospitali ni njia hii?" Hatukuweka hata kalamu chini. Tukaelekeza kidevu upande wa migomba, tukasema, "Ndiyo, ni hapo mbele kidogo tu." Akashukuru, akaenda zake, nasi tukarudia madaftari yetu.

Kumbe sisi tulikuwa tukifikiri habari ya zahanati, ambayo saa ile ilikuwa imekwisha kufungwa, naye alikuwa akiitafuta hospitali ya Nyakahanga. Alipopanda gari alilitaja jina hilo kwa sauti ndogo huku mtoto akilia. Mwenye gari akasikia "Kihanga," akamshusha Kihanga. Kosa la kwanza lilikuwa la masikio tu, na swali moja lingalitosha kulisahihisha. Badala ya swali, sisi tuliliongezea kosa la pili.

Aliyemwokoa ni bibi mmoja mzee, jirani ya shule, asiyejua kusoma wala kuandika. Alimwona akirudi gizani, kandokando ya kibanja chake, wala hakumwonyesha njia yo yote kabla ya kumwuliza, "Watoka wapi, mwanangu? Wamwendea nani? Mtoto ana nini?" Kwa maswali hayo matatu aliyajua ambayo sisi, pamoja na cheti chetu cha ualimu, hatukuyajua. Akamwita mjukuu wake, akamwagiza ampeleke mama yule mpaka penye barabara ya magari, asirudi mpaka amwone amepanda. Mtoto alifika hospitali usiku ule ule akiwaka homa ya malaria, akatibiwa, akapona. Baadaye bibi alipita shuleni kutupasha habari hizi zote. Hakutulaumu. Alisema tu, "Mwalimu, mgeni hajui anachouliza. Mwenyeji ndiye apaswaye kujua."

Maneno hayo ya bibi ndiyo somo letu la leo, nasi twataka kuyafafanua sehemu kwa sehemu.

Kwanza, uliza kabla ya kujibu. Mgeni aghalabu haulizi habari ya mahali anapotaka kufika. Huuliza habari ya njia anayodhani kuwa itamfikisha. Mtu aweza kukuuliza njia ya Omurushaka, kumbe haja yake ni kwenda Nkwenda kumwona dada yake, na Omurushaka amesikia tu kuwa ndipo penye njia panda. Ukimjibu neno lake, umemjibu nusu. Basi mwulize, "Watoka wapi? Waenda kwa nani, au kwa haja gani?" Uulize kwa upole, maana mgeni si mshtakiwa. Wahenga walisema kuwa mgeni ni kuku mweupe: kila mtu humwona, naye ajua kuwa yuaonwa. Ukimwuliza kwa ukali atakuficha haja yake, nawe hutaweza kumsaidia. Msalimu kwanza, mpe mahali pa kuweka mzigo, ndipo uulize.

Pili, lipime jina alilolitaja. Katika nchi yetu majina ya mahali hufanana mno. Karagwe peke yake ina Kihanga na Nyakahanga, ina Kayanga na Ihanda, ina Nyakabanga, Nyakasimbi na Nyakakika. Kwetu tuliozaliwa tukiyasikia, kila jina lina sura yake kama ndugu zetu walivyo na sura zao. Kwa mgeni aliyetoka pwani ni kama punje za mtama kiganjani: zote moja. Tena lugha za huku, Kinyambo na Kihaya, hutanguliza "omu" kwa maana ya "ndani ya" au "katika". Mgeni akiisikia silabi hiyo asiyoizoea aweza kuiacha, au kuiongeza mahali isipotakiwa.

Yako pia majina yaliyo sawa kabisa. Iko Kihanga ya Karagwe, na iko Kihanga nyingine mbali sana, katika mkoa wa Iringa. Iko Isingiro iliyo katika wilaya ya Kyerwa, na ng'ambo ya mto Kagera, katika nchi ya Uganda, iko Isingiro nyingine. Tena mipaka hubadilika. Wilaya ya Kyerwa ilikatwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Mzee wa Murongo akisema "sisi wa Karagwe" hasemi uongo, ila asema habari za zamani, na mgeni aliyeandikiwa barua na mzee huyo atamtafuta katika wilaya isiyo yake. Kwa hiyo, mgeni akitaja jina, lirudie wewe kwa sauti, kisha liongezee alama: "Wasema Nyakahanga yenye hospitali ya Walutheri, upande wa Kayanga? Au Kihanga hii tuliyosimama?" Swali hilo laweza kumwepusha na mwendo wa usiku kucha.

Tatu, simama vema. Watu wawili wakisimama wakitazamana uso kwa uso, mkono wa kuume wa huyu uko upande wa mkono wa kushoto wa yule. Mwenyeji husema, "Shika njia ya kuume," huku akiufikiri mkono wake mwenyewe. Mgeni naye huufikiri wa kwake. Wote wawili wasema kweli, na mgeni apotea. Dawa yake ni nyepesi. Usimkabili mgeni, simama kando yake, bega kwa bega, nyuso zenu zikitazama kule anakokwenda. Hapo kuume kwako ndiko kuume kwake. Wala usionyeshe kwa kidevu au kwa midomo, kama tulivyofanya sisi. Kidevu hakionyeshi njia, chaonyesha uvivu.

Nne, chagua alama. Hapa ndipo wengi wetu tukosapo, kwa sababu twatoa alama ambazo sisi tu twazijua. Twasema, "Pita kwa marehemu mzee fulani," na mgeni hakumjua mzee huyo alipokuwa hai, sembuse sasa alipokwisha kufa. Twasema, "Ukifika penye migomba, kata kushoto." Enyi wasikilizaji, ni wapi huku kwetu pasipo na migomba? Nyumba za Karagwe zimejificha ndani ya vibanja vyao, migomba mbele na mibuni katikati yake, hata mgeni akitazama kutoka njiani haoni nyumba, aona majani tu. Kumwambia mtu wa namna hiyo "penye migomba" ni sawa na kumwambia aliye baharini "penye maji."

Alama njema ina sifa tatu. Haihami: usiseme "wanapolisha ng'ombe wale," maana akifika ng'ombe watakuwa wamekwenda kunywa maji. Haina mwenzake karibu: kanisa, shule, kisima, mkuyu mkubwa uliosimama peke yake, mwamba, njia panda. Tena huonekana na mtu aliye njiani, bila ya kuingia katika kibanja cha watu. Nawe hesabu: usiseme "njia ya kushoto," sema "njia ya tatu ya kushoto, baada ya shule." Hesabu haihitaji mtu awe mwenyeji; mgeni naye ajua moja, mbili, tatu.

Kisha mpe na alama ya kukosea, ambayo ni wachache wanaoikumbuka. Mwambie, "Ukiona daraja, ujue umepita, rudi nyuma." Mgeni aliyepewa alama za kufika tu hutembea mpaka miguu ichoke, akitumaini kuwa alama yake iko mbele bado. Aliyepewa alama ya kukosea hujua mara moja mahali pa kugeukia.

Tena sema yale tu uliyoyaona kwa macho yako katika siku za karibu. Hata alama kubwa yaweza kuondoka. Katika vita vya Kagera, mwezi wa Novemba mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalilivunja daraja la Kyaka, ambalo watu wa pande hizi walilitegemea kuuvuka mto. Siku zile, mtu aliyesema "vuka pale Kyaka" kwa kuwa alivuka mwezi uliotangulia, alisema habari ya njia iliyokuwa imekwisha kufa. Nasi huhitaji vita ili njia ife. Mvua kubwa ya masika moja yaweza kulichukua daraja la magogo usiku mmoja.

Tano, pima urefu wa njia kwa miguu ya mgeni. Neno "mbele kidogo" limewapoteza watu wengi kuliko ukungu. Kwa nini twalisema? Twalisema kwa huruma. Twamwona mgeni amechoka, twataka kumtia moyo, twamwambia "karibu tu." Lakini hiyo ni faraja, si njia, na faraja ya uongo huisha haraka, kisha huacha uchungu. Afadhali mtu ajue ukweli anywe maji kwanza, au apumzike, au aahirishe safari hata asubuhi.

Twaa mfano. Barabara ya Kyaka hadi Bugene ni kilomita 59. Kwa mwenye gari hiyo ni safari ya saa moja au kupita kidogo, naye husema "si mbali." Kwa mtu wa miguu aendaye kilomita 5 kila saa bila ya kupumzika, ni karibu saa 12, yaani tangu mawio hata machweo, na mwenye mzigo au mtoto mgongoni hawezi kwenda hivyo katika vilima vyetu. Kwa hiyo usiseme "kidogo" wala "mbali." Sema, "Ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mzima asiye na mzigo. Wewe uliye na mtoto, hesabu saa nzima." Ikiwa iko pikipiki au gari, mtajie na mahali pa kulipandia.

Sita, litumie jua, ila ulijue kwanza. Mashariki na magharibi ni maneno ya mahali pa mawio na pa machweo. Na sisi tulio karibu na mstari wa ikweta twaona jua likitoka na kutua karibu na pande hizo mwaka mzima. Asubuhi na jioni, basi, jua ni dira njema: mwambie mgeni, "Liache jua mgongoni mwako." Lakini adhuhuri jua liko utosini, wala halimwongozi mtu. Tena tangu mwishoni mwa Machi hata Septemba, jua la adhuhuri huku Karagwe hupita upande wa kaskazini, na miezi mingine upande wa kusini. Asiyejua hayo aweza kugeuka kinyume.

Wanafunzi na wasikie na jambo hili la saa. Saa ya Tanzania nzima hufuata mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki. Karagwe iko karibu na nyuzi 31. Tofauti ni nyuzi 14, na kwa kila uzi jua huchukua dakika 4. Mara 14 ni dakika 56. Ndiyo sababu saa ikionyesha saa sita mchana, jua letu halijafika utosini. Hufika karibu na saa saba. Na jioni, jua huzama kwetu karibu nusu saa baada ya kuzama Dar es Salaam. Mgeni atokaye huko atafurahi kuona kungali na mwanga, lakini asidanganyike: huku jua likizama giza huingia upesi. Mwambie saa ya giza, ajue kama mwendo wake utatosha.

Saba, mwache mgeni ayarudie maneno yako. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kuwa mwalimu hajafundisha mpaka mwanafunzi ameweza kusema kwa kinywa chake mwenyewe. Hali kadhalika kwa njia. Mgeni huitikia "ndiyo, ndiyo" kwa adabu tu, huku amekwisha kusahau neno la pili. Mwambie kwa upole, "Haya, nieleze mimi, utapita wapi?" Akikosea, msahihishe. Ikiwa maneno ni mengi kuliko manne au matano, usimpe yote, mpeleke kwa maneno mpaka njia panda kubwa, kisha mwambie, "Hapo uliza tena." Njia ndefu hugawanywa kama mzigo mzito. Ikiwa ajua kusoma, mwandikie katika karatasi.

Siku hizi wengine wana simu za mkononi zenye ramani, nazo ni msaada mkubwa katika barabara. Walakini vijia vipitavyo kati ya vibanja mara nyingi havimo katika ramani, na simu ikizimika njiani, aliyebaki ni mgeni na mwenyeji, kama zamani.

Nane, jifunze kusema "sijui." Twajua kuwa kuuliza si ujinga, basi kukiri nako si aibu. Wako watu ambao waona haya kuonekana hawaijui nchi yao, wakabuni njia. Mtu aliyeambiwa "sijui, lakini twende tumwulize mzee yule" hajapoteza kitu. Mtu aliyepewa njia ya kubuni amepoteza siku, na pengine zaidi ya siku.

Mwisho, kuliko maneno yote yaliyo mema, ni bora kumpa mgeni mtu. Desturi hii si ngeni katika nchi hii. Mwezi wa Novemba mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika Karagwe kwa mfalme Rumanyika, wakitafuta chimbuko la mto Nile. Rumanyika aliwakaribisha. Speke alipoondoka mwezi wa Januari mwaka 1862 kwenda Buganda, hakuambiwa "nenda kaskazini utafika"; alikwenda pamoja na wajumbe wa Kabaka Mutesa waliokuja kumchukua. Grant, ambaye mguu wake ulikuwa na donda asiweze kutembea, alibaki Karagwe kwa mfalme mpaka alipopata nafuu ya kusafiri. Hivyo mwenye nguvu alipewa wa kumwongoza, na mgonjwa alipewa mahali pa kulala. Bibi wa Kihanga alipomtuma mjukuu wake alifanya lile lile, ila yeye hakuandikwa kitabuni.

Nasi twaweza kufanya hivyo. Mtoto wa shule aweza kumsindikiza mgeni wakati wa mchana mpaka njia panda, kwa ruhusa ya wazazi wake. Jua likiwa limezama, usimwache mgeni aende peke yake. Mpeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji, ajulikane, apate pa kulala, asubuhi aendelee. Kwa njia hiyo mgeni huwa salama, nanyi wenyeji huwa hamna shaka naye. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Enyi wanafunzi, fanyeni jaribio hili. Kila mmoja aandike katika karatasi njia ya kutoka shuleni hata nyumbani kwao, kisha ampe mwenzake asiyepajua, naye aifuate bila ya kuuliza mtu. Akifika, umeandika vema. Akipotea, usimcheke, rudia karatasi yako uone ni wapi uliposahau kuwa yeye si wewe.

Na sisi sote, mgeni atakapotokea jioni, tukiwa na kazi mikononi, tuiweke kazi chini kwanza. Madaftari yatangoja mpaka kesho. Mtoto mwenye homa hangoji.